Mzee Mita Anastaafu, Nyumba Yake Bado Iko Mtoni

Nyinyi mnaojipepea na karatasi hii, acheni. Haikuchapwa iwe feni. Jua la Isiolo hamkuanza kulijua leo. Ikunjueni muisome. Na wewe bosi Kaberia, uliyeniambia niandike maneno matamu peke yake na nisiguse habari ya nyumba ya Emuria, wewe soma polepole kuliko wote, kwa sababu nimeigusa. Mtu gani huyu anakatiwa keki, anapewa saa ya ukutani, anapigiwa makofi, halafu jioni anaachwa arudi kulala mahali ambapo mto wenyewe hulala kila mwaka wa mvua kubwa? Hiyo si kuaga. Hiyo ni kumsindikiza, na mnajua ni nani husindikizwa.

Redio zinasema mvua ya mwezi wa kumi mwaka huu si ya mchezo. Kila mtu hapa amesikia, na kila mtu amenyamaza kwa adabu. Mimi mpishi wenu, adabu yangu iko kwa chai. Kwa maneno sina.

Sasa wasifu wenyewe.

Emuria Lopeyok ameutumikia mto miaka thelathini na moja. Anastaafu kesho, Jumamosi, tarehe thelathini Septemba 2023, jua likianza kulala. Sherehe imewekwa leo Ijumaa kwa sababu Jumamosi hakuna mtu wa ofisi hii ya maji anaweza kuamshwa na sherehe ya mwenzake. Mpaka kesho jioni bado ni mfanyakazi. Hilo mlikumbuke, nitalihitaji baadaye.

Kwa wageni waliokuja kwa ajili ya keki na hawajui kazi yake: pale kwenye nguzo ya daraja la Bula Mtoni kumepigiliwa ubao mrefu wa chuma wenye alama, kama ile rula ya mtoto wa shule. Asubuhi na jioni mtu anashuka, anatazama maji yamefika alama gani, anaandika, anapiga simu. Inaonekana ni kazi ya mvivu. Lakini mto wetu ni mdanganyifu. Mvua inanyesha juu huko upande wa Meru, sisi hapa tunaanika nguo, vumbi inatuingia machoni, hakuna wingu hata la kufunika kuku. Halafu mto unafika na miti yake, na ng'ombe wa mtu, na mlango wa choo cha mtu. Mtu wa rula ndiye anasimama katikati ya jua hilo na maji hayo. Akikosea, kuna watu hawaamki.

Alianza Merti mwaka wa 1992, kuusoma mto Ewaso Nyiro. Alikuwa kijana mwembamba, na maringo yake yalikuwa yameshanenepa. Hadithi ya Merti yeye haisimulii, kwa hivyo naisimulia mimi. Wakati mmoja wa kiangazi kipande kimoja cha rula kilipotea. Emuria akazunguka boma baada ya boma akinguruma kwamba mali ya serikali imeibwa na mtu ataonja jela. Kwa boma moja wakamkaribisha, wakamwekea chai. Akanywa kikombe, akaongezwa kingine, akawasifu kwa meza yao, akasema ni imara, haitikisiki. Akashukuru, akaenda zake. Mwenye boma ilibidi amkimbilie nyuma na meza kichwani. Namba zilikuwa zimetazama juu muda wote, na kikombe chake kilikuwa kimekaa juu ya mbili na nusu. Pale Merti bado mtu akitafuta kitu ambacho kiko mbele yake, wanamwambia anywe chai kwanza.

Serikali ya kaunti ilipokuja, meza zikahamishwa, vibao vya milango vikapakwa rangi mpya, wengine wakapewa vyeo ambavyo hata wao wenyewe hawawezi kuvitaja bila kupumzika katikati. Emuria akapanda lori la mbuzi kutoka Merti, akateremka hapa mjini na sanduku moja na gambuti jeusi linalong'aa. Ofisi ikampa daraja la Bula Mtoni. Zaidi ya hiyo ikampa spika, ile ya mkononi yenye mdomo kama tarumbeta, aonye watu mto ukipanda.

Gambuti hilo lazima nilizungumzie. Miaka mingi mafuta yangu ya mandazi yalikuwa yakipungua jikoni, na mimi nikalaumu panya. Nikaweka mitego. Nikaleta paka. Siku moja nikamwona Emuria amekaa nje ya stoo na kitambaa, anapaka, anafuta, anainua mguu aone kama uso wake unaonekana. Panya wa ofisi hii anavaa gambuti. Yule paka tulimlaumu bure, na mpaka leo hajanisamehe.

Sasa mjue jina la Mita lilitoka wapi, kwa sababu wengi wenu mnamwita Mzee Mita na mnadhani ni jina la heshima.

Ilikuwa mvua yake ya kwanza kubwa hapa mjini. Maji yalianza kupanda mchana, siku ya soko. Emuria akajipandisha nyuma ya bodaboda, amevaa shati jeupe, akazunguka Bula Mtoni yote na spika mdomoni. Akatangaza kwa Kiswahili cha vitabu kwamba mabibi na mabwana wachukue tahadhari, mita imepanda, mita imepita mbili, mita inaelekea tatu, na wakazi wote wanaombwa kutoka nje ya nyumba zao.

Jamani. Mtu wa mjini ukimwambia mita, anajua mita moja tu, ile ya bomba, iliyofungiwa kwa kisanduku karibu na lango, inayohesabu maji na kuleta bili. Watu wakasikia kwamba mita imepanda na wote watoke wahesabiwe. Nani atatoka? Malango yakafungwa tap tap tap. Wengine wakafunika visanduku na karai. Wengine wakavirundikia kuni. Mama mmoja, namhifadhi jina kwa sababu amekaa pale nyuma na amevaa vizuri, alikwenda akakalia mita yake, akapakata mjukuu juu, akamwambia Emuria hapo hainuki mpaka serikali iondoke. Serikali haikuondoka. Mto ukamkuta amekaa. Alibebwa na vijana wawili huku akiwatukana, akidhani ndio wanakata maji.

Siku hiyo tulipoteza kuku tu, na hiyo ni huruma ya Mungu, si kazi ya Emuria. Alirudi ofisini ametota mpaka kwa kola, akakaa pale jikoni, akaniuliza kama amesema kitu kibaya. Nikamwambia amesema kitu kizuri kwa watu wasio wake.

Aliyemponya ni Bisharo, muuza maziwa ya ngamia. Wengi mnamjua, mitungi yake ya njano hufika na gari la kutoka Kulamawe kabla nyinyi hamjaosha uso. Alikuja ofisini kesho yake, akatoa salaam kwa kila mtu isipokuwa Emuria, halafu akamgeukia. Akamwambia hapa kuna Mturkana, kuna Msomali, kuna Mborana, kuna Msamburu, wote wanagombana juu ya kila kitu, lakini hakuna hata mtoto mmoja asiyejua ngamia akisimama kwa maji yanafika wapi. Aache habari ya mita. Aseme goti. Aseme tumbo. Aseme nundu. Maji ya goti, watu wafumbue macho. Maji ya tumbo, watoto na mbuzi watolewe. Maji ya nundu, acha hata sufuria kwa moto, kimbia.

Ikawa nzuri sana kwa muda. Emuria akaipenda kama yeye ndiye aliizaa. Lakini hakuna aliyeuliza swali moja. Ngamia wa nani?

Swali hilo aliliuliza Awale, na aliliuliza akiwa amechelewa. Awale mnamjua, ana pikapu na duka la jumla, na wakati huo stoo yake ya sukari ilikuwa pale chini karibu na daraja. Emuria alikuwa anapima kwa macho, na ngamia aliyekuwa kwa kichwa chake ni wale wa kwao Waturkana, wafupi, wagumu, wa kupita mawe. Awale kichwani mwake alikuwa na ngamia wa Kisomali, mrefu, ambaye ukitaka kumkamua unainua mikono kama mtu anayeomba. Mvua za 2018 zikaja. Emuria akapita akipiga kelele kwamba maji yamefika tumbo. Awale akachungulia mlangoni, akatazama mto, akacheka, akasema hayo hata goti hayajafika, huyu mzee anaogopa maji ya kunawa. Akarudi kwa hesabu zake.

Mto siku hiyo ulikunywa chai ya sukari mpaka kule chini Gotu.

Awale mwenyewe alitolewa kupitia dirisha la juu. Akakaa juu ya mabati akigombana na Emuria aliye darajani, mmoja anasema tumbo, mwingine anasema goti, na maji katikati yao hayana habari. Mimi niliwasikia. Wanaume wazima wawili, mto unapita, wanapigana juu ya mnyama ambaye hayuko.

Hapo lazima nimpe bosi Kaberia haki yake, asije akasema nimemchapa peke yake. Yeye ndiye alisema ngamia lazima awe mmoja, na apimwe. Wazee wakakubali, lakini wakataka anayeshika kamba ya kupimia awe Mmeru, kwa sababu Mmeru hana ngamia na kwa hivyo hana upande. Bisharo akamleta ngamia wake, si mrefu si mfupi, akasimamishwa chini ya daraja wakati mto ni mchanga mtupu. Kaberia akavua viatu, akainama na kamba kupima goti. Ngamia akamtazama, akakusanya alichokuwa anacheua tangu asubuhi, akamtemea yote kwenye shingo. Kaberia hakuachia kamba. Tangu siku hiyo mimi humwekea sukari ya ziada.

Aliyemchora pale kwenye nguzo ya daraja ni Njeru wa vibao, yule ambaye huchora ng'ombe na mbuzi kwa kuta za bucha. Ngamia hakuwa amewahi kuchora. Matokeo mnayaona kila siku mkivuka: ni ng'ombe aliyevimba mgongo, na anacheka. Waturkana wakasema ni mrefu mno. Wasomali wakasema ni mfupi mno. Waborana wakasema miguu ni ya punda. Nikajua basi ni sawa, kwa sababu wote walikasirika kwa usawa. Goti likapakwa njano, tumbo likapakwa rangi ya machungwa, nundu ikapakwa nyekundu, na rula ya chuma ikabaki kando yake kwa ajili ya wale wa namba.

Mngedhani mambo yamekwisha. Emuria Lopeyok hajawahi kuacha jambo likaisha bila kuliongezea chumvi.

Awale alimwoza binti yake mwaka uliofuata, hema zikawekwa pale pale Bula Mtoni kwenye uwanja. Emuria alialikwa, wawili hao walikuwa wameshapatana, na alikuja na shati jipya na spika. Nani huenda harusini na spika? Mchana akapigiwa simu kwamba huko juu imenyesha. Akasimama juu ya kiti. Mabibi na mabwana, akaanza, na akatupa goti, akatupa tumbo, akatupa nundu, akaongeza na mithali mbili. Watu wakakimbia. Sufuria za wali zikapanda kilima juu ya vichwa. Bibi harusi akapandishwa bodaboda na shela inapepea nyuma kama bendera. Tukasimama huko juu kwa upepo, vumbi ikaingia kwa nyama, tukatazama mto. Ukafika goti. Ukatuangalia. Ukarudi.

Tuliporudi chini tulimkuta mtu mmoja hakuwa amehama. Ni Natabo, mke wa Emuria. Alikuwa kwa hema la wanawake, peke yake, na sahani mbele yake ambayo ingeshibisha watu wa Oldonyiro. Tukamuuliza kwa nini hakukimbia, na mume wake mwenyewe ndiye amepiga kelele. Akamaliza mfupa aliokuwa nao, akafuta vidole.

"Akisema mabibi na mabwana, anajisikia," akasema Natabo. "Akiogopa kweli, ananiita jina."

Watu wakakumbuka. Ni kweli. Siku ya sukari ya Awale, baada ya kelele zote za tumbo, spika ilibadilika sauti. Haikuwa na mabibi wala mabwana. Ilisema, Natabo, beba godoro. Natabo, beba godoro. Kwa sababu nyumba yao iko pale chini kabisa, ya kwanza kutoka kwa maji, na mtu akiogopa hakumbuki cheo chake, anakumbuka aliye ndani ya nyumba.

Tangu harusi hiyo Bula Mtoni ina sheria yake ambayo haijaandikwa na ofisi yoyote. Emuria akisema goti, watu wanasikia. Akisema tumbo, wanafunga mizigo. Akisema Natabo, wanaondoka. Hakuna anayeuliza. Wanatazama njia ya kilimani, wakimwona Natabo amejitwika godoro lake la maua mekundu, hata yule mama wa mita anainuka. Mto umepanda mara nyingi baada ya hapo. Umebeba nyumba, umebeba choo cha chifu na magunia ya makaa. Hakuna mama wa Bula Mtoni aliyezika mtoto kwa sababu ya maji. Mkitaka kujua Emuria amefanya nini kwa miaka yake hapa, ni hiyo. Andikeni hiyo kwa cheti chake, mfute maneno "amejituma kwa weledi", hata sijui mmeyatoa wapi.

Nimemsifu. Sasa nifike kwa nyumba.

Watu wa Bula Mtoni walionyeshwa viwanja kule kilimani siku nyingi. Viwanja vya kweli, na vibao. Wakavikataa. Wanasema ni mbali na maji, kuna upepo, hakuna kivuli, na nani ataanza. Emuria ana chake. Alikwenda akajenga choo, akaacha. Choo kimesimama huko juu peke yake miaka hii yote kama askari aliyesahaulika na jeshi lake. Mbuzi wanakitumia kwa kivuli. Na yeye mwenyewe, anayejua kuliko sisi sote mto unafika wapi, bado analala chini, kwa nyumba ambayo ukuta wake una mistari ya matope mmoja juu ya mwingine, na mstari wa juu kabisa uko juu ya kitanda.

Nilimgombeza mwezi uliopita, jikoni, mlango umefungwa ili asipate aibu. Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia mlevi wa barabarani ana akili kumshinda, kwa sababu mlevi akiona shimo huzunguka. Alinywa chai yake yote. Halafu akaweka kikombe.

"Mama, nikihama," akasema, "siku hiyo nitamwita nani?"

Nilichukua kikombe nikakiosha. Nilielewa. Alikuwa ananiambia kwamba akiwa salama huko kilimani sauti yake itakuwa ya mtu aliye salama, na watu wa chini wataisikia hivyo, watakaa. Ameweka mke wake mdomoni mwa mto ili wengine wamwamini. Miaka yote hiyo tulicheka habari ya godoro, na yeye ndani yake kulikuwa na hilo.

Lakini mimi ni mkaidi kuliko yeye, na nimezaa wanaume, najua mwanaume akisema jambo la maana hukaa juu yake kama yule mama juu ya mita. Nimelitafuna hilo jambo mwezi mzima, na jibu ninalo. Ndiyo sababu nilipoombwa kuandika wasifu huu sikukataa, ingawa kalamu yangu ni ya kuandika maziwa na majani basi.

Emuria, sikiliza. Jumatatu spika si yako. Ni ya Jillo, anayeingia mahali pako. Jillo ni kijana mzuri, nimempima kwa chai, hakawii kushukuru. Lakini sauti yake ni ya mwanambuzi, na hana mke. Akiogopa atamwita mama yake, na mama yake yuko Merti, hakuna mtu wa Bula Mtoni atahama kwa sababu mama wa Merti ameitwa. Natabo ataitwa na nani? Na wewe atakuita nani, wewe ambaye masikio yako yamekufa kwa spika, ambaye mimi nikikwambia chai iko tayari unajibu nzuri sana, na wewe je? Utakuwa umelala chini ya mstari wa matope, ukingoja sauti yako mwenyewe ikuamshe.

Hilo ni moja. La pili ni hili, na ulitafakari vizuri kwa sababu limenigharimu usingizi. Umesema watu wanamfuata Natabo. Kweli. Basi kwa nini umemfanya apande na kushuka, apande na kushuka, kila mvua, kama mtu anayechota? Mpandishe mara moja. Mpandishe jua linawaka, mto ni mchanga, ngamia wa Njeru anacheka na miguu mikavu. Wacha Bula Mtoni yote imwone anapita na godoro, na nyuma yake mabati, na nyuma yake kuku, na hakuna mtu amepiga spika. Unafikiri watafanya nini? Mimi nawajua wanawake hao. Watasimama mlangoni, mkono kiunoni. Watasema huyu ameambiwa nini ambacho sisi hatujaambiwa. Mpaka jioni watakuwa wamepanda kilima kuja kukosoa kiwanja chako, kusema jiko limekaa vibaya. Na mwanamke akishaanza kukosoa jiko la mwenzake, lake ameshalijenga kichwani. Hilo ndilo onyo lako la mwisho, Emuria. Ulitoe bila kufungua mdomo, tuone kama unaweza.

Natabo nimeshazungumza naye. Alikuja jana kuniletea ukwaju, akakaa. Hakuzunguka. Alisema godoro likinywa maji lina uzito wa punda, na yeye magoti yake yamezeeka, na amemfuata mume huyu kutoka Merti bila kuuliza swali. Vyombo ameshafunga. Vikombe viwili tu ameacha nje, vya asubuhi.

Kwa hivyo tunamshukuru Emuria Lopeyok. Tunamshukuru kwa asubuhi zote alizoshuka darajani sisi tukiwa bado tunatafuta viatu. Tunamshukuru kwa meza ya Merti, kwa shela ya binti wa Awale, kwa kunichekesha siku ambazo sikuwa na la kuchekea. Mafuta ya mandazi nimemsamehe, ya gambuti lijalo anunue. Tunakutakia uzee mkavu, baba. Paa kavu, miguu mikavu, na usingizi ambao hauna maji chini yake. Mungu akupe wajukuu wa kuwadanganya kwamba ulikuwa mtu wa maana, na Natabo awepo kuwaambia ukweli.

Sasa keki inaweza kukatwa. Kateni vipande vidogo, kesho kuna kazi na sitaki mtu wa tumbo.

Bosi Kaberia, nilisema mpaka kesho jioni bado ni mfanyakazi wako. Kesho kutwa hata wewe hutaweza kumwamuru. Basi mwamuru kesho. Mwandikie kwa karatasi yenye muhuri, kwa sababu mtu huyu huheshimu muhuri, kwamba kazi yake ya mwisho ni kuhamisha nyumba moja kutoka mtoni. Awale, lete pikapu kabla jua halijashika, na usije na sukari ndani. Njeru, lete nyundo na wale vijana wako wa ngazi. Jillo, wewe utakaa darajani na spika, na ukiifungua mdomo bila sababu nitakuja kuichukua. Chai na mandazi nitapika mimi, zitapikiwa kilimani, anayetaka kula atapanda na mzigo.

Na wewe Emuria, usitupokee na hotuba. Usianze na mabati, usianze na kitanda, usianze kuzunguka zunguka ukitafuta spana. Nyumba ikiwa na mlango, mtu hurudi jioni kuchungulia tu, halafu hulala. Shika nyundo, ng'oa mlango kwanza.